Tanuri la Pompeii na Tanuri la Uani Kwako

Ukibahatika kufika Naples, mji wa bandari ulio kusini mwa Italia, panda treni uende Pompeii, mwendo wa kilomita 25 hivi. Huo ni mji uliofukiwa na majivu ya mlima Vesuvius mwaka 79. Magofuni humo utaona nyumba za waoka mikate, zenye mawe ya kusagia ngano na matanuri ya kuba. Mwaka 1862 wachimbaji walikuta ndani ya tanuri moja mikate 81, ya duara, myeusi kama makaa. Aliyeitia hakurudi kuitoa.

Mikate iligeuka makaa, lakini tanuri lilibaki limesimama. Siri yake ni kuba: kila tofali humwegemea mwenziwe, na uzito wenyewe ndio unaoyafungamanisha.

Rudi sasa Naples ulitazame tanuri la piza. Umbo ni lile lile. Kuni huwashwa humo humo ndani, kisha moto husogezwa pembeni. Ndimi zake hupanda ukutani na kuambaa chini ya kuba, na moshi hutokea mdomoni. Matofali hunywa joto, kisha huliteremsha juu ya chakula. Joto hufikia nyuzi 450 za sentigredi, na piza huiva kwa muda wa dakika moja hadi moja na nusu. Mwaka 2017 UNESCO iliuingiza ufundi wa waoka piza wa Naples katika orodha ya urithi wa utamaduni wa wanadamu.

Je, wewe mwenye ua mdogo nyumbani huwezi? Waweza. Jenga kitako cha mawe kifike kiunoni. Juu yake tandaza mchanga, upange matofali ya kuchoma bila ya udongo kati yake, yawe sawa kama meza. Kisha fanya lundo la mchanga wenye unyevu, la duara, lenye kimo cha nusu mita. Hiyo ndiyo kalibu yako. Lifunike kwa magazeti yaliyoloweshwa, hata hili ukishalisoma. Zungushia nusu za matofali, safu juu ya safu, kwa udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mchanga, maana saruji haistahimili moto huo. Mdomo uwe na kimo cha theluthi mbili ya kuba: ukizidi, joto litatoroka, ukipungua, moto utakosa hewa. Udongo ukikaza, utoe mchanga wote kupitia mdomoni.

Hapo ndipo penye mtihani. Mimi nilikuwa nimekwisha kuwaalika majirani, na siku ya tatu nikawasha moto mkubwa. Maji yaliyokuwamo udongoni yakageuka mvuke, yakatafuta pa kutokea, na kuba likapasuka toka utosini hadi mdomoni. Wageni wakala mkate wa dukani, nami nikaona haya.

Nilibomoa, nikajenga upya. Safari hii nilingoja majuma mawili, kisha kwa siku saba nikawasha moto wa vijiti tu, kila siku nikiuongeza kidogo. Tanuri hilo linaoka hata leo.

Naam, mwoka mikate wa Pompeii hakupata muda wa kuitoa mikate yake. Bali aliyelijenga lile tanuri hakuwa na pupa.