Kinanda cha nyumbani: kukitengeneza ao kununua kingine?

Tangu zamu yetu ya likelemba ifike, nyumbani kwetu neno lilikuwa moja tu: kinanda. Ni kile cha kukanyaga kwa miguu, ambacho Wafaransa wanaita armoniumu. Baba mkwe, aliyefundisha kwaya miaka mingi, ndiye alituachia. Siku hizi kilikuwa kinakohoa kuliko kuimba, na binti yetu wa miaka 13 ndicho anachojifunzia nyimbo za Misa.

Mkononi tulikuwa na dola 200. Mjini hapa Bukavu tulionyeshwa kinanda cha umeme cha mitumba, chenye vitufe 61, kwa dola 180. Kutengeneza cha zamani tulihesabiwa dola 70. Na minervali ya kaka yake ilikuwa inatungoja palepale, shule haisahau. Baba wa watoto akasema: "Vya wazee tuviheshimu, lakini mtoto anajifunza kwa kitu kinacholia." Mama mkwe hakujibu. Alikwenda tu kukifunika kinanda kwa kitenge chake kizuri, nasi sote tukaelewa.

Tulikubaliana kwanza kukifungua, maana huwezi kuamua juu ya kitu ambacho hujakiona ndani. Kinanda cha namna hii ni rahisi kueleweka. Miguu inajaza hewa katika mivukuto. Ukibonyeza kitufe, tundu linafunguka, hewa inapita kwenye ulimi mwembamba wa shaba, na ulimi unatetemeka. Kila sauti ina ulimi wake. Kwa hiyo sauti moja ikinyamaza, kinanda hakijafa: mara nyingi ni vumbi lililokwama, na brashi laini inatosha. Ikiwa sauti imepotoka, fundi anakwangua kidogo sana ncha ya ulimi ili ipande, ao anakwangua karibu na shina ili ishuke. Ulimi uliovunjika ndio shida. Lazima utafute mwingine.

Tulijaza hewa, tukaacha kukanyaga bila kugusa kitufe chochote. Mivukuto mizima hubaki imejaa kwa muda. Ya kwetu ilianguka kabla hatujahesabu tatu. Kitambaa kilikuwa kimepasuka kwenye mikunjo, na panya walikuwa wamekula ngozi upande mmoja. Ndimi tano zilikuwa kimya. Lakini mbao! Seremala alizigonga moja moja, akatafuta unga wa wadudu, hakuona. Hazikubunguliwa, hazikupasuka. Hapo ndipo sisi tulianza kuegemea upande wa mama mkwe. Kama mbao zingekuwa zimeliwa, tungenunua kile cha umeme siku ileile, kitenge ao hapana.

Katika nchi zetu za joto na mvua, mbao ndiyo kila kitu. Daktari Albert Schweitzer alipokwenda Lambaréné, huko Gabon, mwaka 1913, chama cha Bach cha Paris kilimpa piano yenye pedali kama za kinanda cha kanisa, ili asipoteze mazoezi yake. Iliundwa maalum kwa nchi za joto, ikasafirishwa ndani ya sanduku lililotandikwa zinki. Sisi hatuna zinki. Tumekiondoa ukutani, tumeinua miguu yake juu ya matofali, basi.

Cha umeme kina faida zake, tusidanganyane. Hakipotoki sauti, mtoto anaweza kuvaa visikilizio usiku jirani akalala, na parokiani kwenyewe wanatumia cha umeme. Lakini umeme wetu mnaujua: unakuja usiku wa manane, unaondoka wakati wa mazoezi, na ukirudi kwa nguvu unaunguza adapta. Armoniumu haiulizi umeme. Tena tuliona jambo moja kama walimu: anayekanyaga mwenyewe anasikia wimbo unapohitaji pumzi, maana hewa ikiisha miguuni, sauti inaisha.

Fundi wa vinanda hatukumpata. Seremala alishika mbao, fundi viatu akashona ngozi, na mzee mmoja aliyewahi kupiga kanisani akasafisha ndimi. Mzee alikataza kabisa gundi kali ya dukani. Alitaka ile ya zamani ya ngozi, inayochemshwa, kwa sababu inalegea kwa joto, na atakayekifungua miaka ijayo hatalazimika kuvunja mbao. Kazi ilimalizika kwa dola 78, maana kitambaa kilipanda bei. Minervali ililipwa.

Na parokiani tumeomba: kila Jumamosi, kabla ya kwaya kufika, binti anapewa saa moja kwenye kinanda chao ili avizoee vitufe vyake, ambavyo ni vyepesi kuliko vya nyumbani.

Ndimi tatu kati ya tano zilirudi. Mbili zimevunjika, na mzee ameahidi kutafuta katika kinanda kingine kilichotupwa. Ikiwezekana atazitia wakati wa kiangazi, gundi ikauke vizuri. Kwa sasa binti akifika kwenye sauti hizo anaziimba kwa kinywa, mikono inaendelea. Mama mkwe amechukua tena kitenge chake.