Kidole Nilichochelewa Kukiona

Huku kwetu ushuhuda hutolewa kanisani, na mara nyingi huwa wa pombe iliyoachwa au ugonjwa uliopona. Wangu ni wa usukani. Nilizaliwa mwaka 1954, ni mkulima wa kahawa na migomba hapa Nkwenda, na sehemu kubwa ya maisha yangu nimekuwa dereva. Niliamini kwa moyo wote kwamba mzee mwenye uzoefu ni salama barabarani kuliko kijana yeyote, na kwamba anayetaka wazee wapimwe upya au wawekewe kikomo cha umri anatafuta namna ya heshima ya kutuweka kando. Leo siamini hivyo. Sijahamia upande wa kikomo, ila pale nilipokuwa nimesimama nimeondoka.

Nilianza kama utingo. Majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978 na daraja la Kyaka likalipuliwa, serikali ilichukua magari ya watu binafsi ili kubeba askari na chakula, na lori nililokuwa nikilifanyia kazi lilikuwa mojawapo. Lilikuwa Bedford. Dereva wake, Mungu amrehemu, ndiye aliyenikalisha kwenye usukani. Alinifundisha kwamba mlima unaushuka kwa gia ile ile uliyoupandia, kwamba kwenye ukungu wa asubuhi unateremsha kioo ili masikio nayo yafanye kazi, na kwamba anayeshuka mteremko kwa kutegemea breki peke yake ipo siku hatazikuta. Milima ya Karagwe haikumsamehe asiyejua hayo. (Wakati huo hata Nkwenda ilikuwa Karagwe, wilaya yetu ya Kyerwa ilianzishwa mwaka 2012.) Baada ya vita niliendesha malori ya kahawa, kisha Hiace, na uzeeni nikabaki na Noah yangu mwenyewe, nikipakia abiria kati ya Nkwenda, Omurushaka na Kayanga.

Mabishano ya umri yalizuka stendi kila zilipokuja habari za ajali. Siku moja kijana wa michomoko, yale magari madogo ya abiria, alisema mbele yangu, kwa adabu lakini bila kuuma maneno, kwamba mtumishi wa serikali anastaafu akiwa na miaka 60, hivyo dereva anayebeba roho za watu naye astaafu. Nilimjibu, na wenzangu wakanipigia makofi. Nilimwambia Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watu wa miaka 5 hadi 29, basi tuanze na anayepakia mshikaki usiku kwenye pikipiki isiyo na taa kabla ya kumfuata mzee anayeshuka mlima kwa gia ya pili. Nilimwambia pia kwamba mtumishi anastaafu na mafao yake, ilhali mimi nikistaafu shamba ndilo litakaloniambia pole. Hoja hizo bado nazishika, na sijaona aliyezipangua. Kilichonigeuza kilitoka upande ambao hakuna hata mmoja wetu pale stendi aliyekuwa akiuzungumzia.

Madaktari wa macho walikuja kwenye kituo cha afya, nami nikampeleka mke wangu aliyekuwa na mtoto wa jicho. Nilikaa kwenye benchi kama msindikizaji. Muuguzi, binti wa umri wa wajukuu zangu, aliniuliza kazi yangu. Nilipomwambia, akasema, "Tata, kama ni dereva basi na wewe njoo." Nikaenda ili kumridhisha. Alinisimamisha mbele ya ule ubao wenye herufi E zilizogeuzwa huku na huku, nikaonyesha kwa mkono kila moja ilikoelekea mpaka mistari ya chini. Kisha akaketi mbele yangu, goti kwa goti.

"Funika jicho la kulia kwa kiganja. Nitazame puani, usihamishe jicho. Ukiona kidole changu kikichezacheza pembeni, sema."

Nikangoja. Nikadhani hajaanza. Mke wangu, aliyekuwa nyuma yangu akisubiri zamu, akauliza, "Baba, mbona humjibu? Kidole si hicho hapo?" Yeye mwenye mtoto wa jicho alikuwa anakiona. Kilipokaribia shavu la yule binti ndipo nami nikakiona. Akarudia kwa jicho la pili, akaandika barua, akanielekeza Bukoba. Hakusema neno lolote la kunitisha, na nadhani ndiyo maana nilikwenda.

Huko walipima shinikizo ndani ya jicho, wakanikalisha kwenye mashine inayowasha vinukta vya mwanga pembeni, nami nikabonyeza kitufe kila nilipokiona kimoja. Ugonjwa unaitwa glakoma. Wengi husema presha ya macho. Mshipa wa fahamu unaopeleka picha kutoka kwenye jicho hadi kwenye ubongo hufa kidogo kidogo, na kwa kawaida uwezo wa kuona pembeni ndio hutangulia kupotea. Kwa watu wengi hauumi wala hauwashi. Kilichokufa hakirudi, na matone hulinda kilichobaki tu. Nayatia asubuhi na jioni.

Nilimuuliza daktari jambo lililonishangaza kuliko yote: kama sehemu ya jicho langu haioni, mbona sioni weusi pale? Akasema ubongo hujaza pengo kwa kufuata yaliyo jirani. Barabara inaonekana nzima, shamba la migomba linaonekana limeendelea, kumbe katikati pamekosekana kitu.

Nilifikiria pikipiki. Kwa muda mrefu nilikuwa nikilalamika kwamba siku hizi bodaboda hawana nidhamu, wanatokea ghafla kutoka kushoto. Madereva wenzangu wa rika langu waliniunga mkono, maana nao walilalamika vivyo hivyo. Bodaboda wapo wanaochomoka bila kutazama, hilo halina ubishi. Lakini nikiwa kwenye kiti kile mbele ya daktari nilianza kujiuliza ni wangapi kati yao waliokuwa pale muda wote, wakienda mwendo wao wa kawaida pembezoni, ndani ya lile pengo langu. Sikuwahi kugonga mtu. Namshukuru Mungu, na nawashukuru watembea kwa miguu wa njia ya Omurushaka ambao huenda walinikwepa bila mimi kujua.

Imani yangu iligeukia hapo. Uzoefu ni mali ya kweli na sitamruhusu mtu audharau. Umewavusha salama abiria wengi katika milima hii. Ila uzoefu wangu wote, tangu siku za Bedford, ulifanya kazi kwa kutegemea taarifa za jicho, na jicho halitoi taarifa ya kile lisichokiona. Dereva hawezi kujipima kwa hilo, hata awe mnyenyekevu namna gani. Lazima aketi mtu wa pili mbele yake na kunyoosha kidole.

Sasa tazama utaratibu tulio nao. Tangu mwaka 2019 leseni ya udereva ya Tanzania inadumu miaka 5 badala ya 3, kwa ada iliyowekwa wakati huo ya shilingi 70,000. Wiki ya Nenda kwa Usalama ikifika, trafiki wanakagua gari: breki, taa, matairi, mkanda. Ni kazi njema na naiunga mkono. LATRA nayo, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu iliyoanza mwaka 2019 kuchukua nafasi ya SUMATRA, inawatahini na kuwathibitisha madereva wa biashara, na hiyo pia ni hatua njema. Lakini mimi katika maisha yangu yote ya udereva nimekaguliwa gari mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na sikumbuki hata mara moja mtu akinikagua upande wa pembeni wa macho. Taa za gari zilipimwa. Jicho linaloutumia mwanga wa taa hizo halikupimwa.

Na jicho lenyewe hubadilika hata bila ugonjwa. Kwa mtu wa miaka 60 mwanga unaofika nyuma ya jicho ni kama theluthi tu ya ule unaofika kwa kijana wa 20, kwa kuwa mboni haifunguki tena kwa upana wa ujanani na lenzi huingia ukungu. Ukipigwa na taa za fulu, macho ya uzeeni huchukua muda mrefu zaidi kurudi katika hali yake. Madereva wazee wengi tunalijua hili kwa vitendo: tunaacha safari za usiku bila kuambiwa na mtu. Watu wakaona ni uvivu wa uzee, nasi tukawaacha waamini hivyo kuliko kueleza.

Suala hili la uzee kwenye usukani limewapata hata wakubwa wa dunia. Januari 2019 Philip, mume wa Malkia Elizabeth wa Uingereza, akiwa na miaka 97, aligongana na gari jingine karibu na Sandringham. Wanawake wawili waliokuwa ndani ya gari hilo waliumia, na mwezi uliofuata akarudisha leseni yake. Aprili mwaka huo huo, eneo la Ikebukuro jijini Tokyo, mzee wa miaka 87 aliwagonga mama na binti yake mdogo wakafa. Japani nzima ilitikisika. Nchi hiyo ilikuwa tayari inawapima kumbukumbu na akili wenye miaka 75 na kuendelea, na mwaka 2022 ikaongeza mtihani wa kuendesha kwa wale wa umri huo waliowahi kufanya makosa fulani ya barabarani.

Nilipofika hapo nilitaka kusema nasi tufanye kama Japani, basi. Lakini ipo habari ya Denmark, na mtetezi wa upimaji asiyeitazama hatendi haki. Denmark ilianza mwaka 2006 kuwapima akili madereva wazee wanapohuisha leseni. Watafiti walipolinganisha miaka ya kabla na ya baada, ajali za vifo zilizohusisha madereva wazee hazikupungua, huku vifo vya wazee waliokuwa wakitembea kwa miguu au kuendesha baiskeli vikiongezeka. Huenda wengi waliacha magari, na barabara ikawakuta wakiwa hawana hata bati la kuwakinga.

Sasa lilete hilo hapa. Mzee wa Nkwenda akinyang'anywa ufunguo, atapanda nini? Bodaboda, kwenye utelezi wa masika, na nyonga yake mbovu. Mzee huku hana hiari ya kukaa nyumbani: ana mazishi, ana vikao vya ukoo, ana mahari za kujadili, ana kliniki, ana magunia ya kahawa yanayosubiri kupelekwa wakati wa msimu. Asipofika kwenye matanga watu hawasemi macho yake yamechoka, wanasema amejitenga. Nilipoacha usukani, kwangu hili ndilo lililokuwa gumu kuliko kuacha pesa ya abiria. Wiki za mwanzo niliona aibu kukaa kiti cha abiria ndani ya gari langu.

Binti yangu ndiye aliyeichukua Noah. Ana leseni, ana mikono mizuri, na anashuka mlima kwa gia, hilo nilihakikisha mwenyewe. Siku nilipomkabidhi aliniambia, "Baba, sikunyang'anyi. Ukitaka kwenda msibani hata saa kumi na moja alfajiri, niamshe." Ameishika ahadi hiyo. Najua kwamba bila yeye ningetafuta visingizio vya kuendelea kuendesha, na najua wazee ambao watoto wao wote wako Mwanza na Dar es Salaam na hawana wa kumwamsha.

Kwa hiyo ninachokiomba ni hiki, na nimekisema kwa diwani na nitaendelea kukisema. Tusiweke kikomo cha umri, tupime. Anayepakia abiria apimwe macho kila anapohuisha leseni, awe wa miaka 25 au 75, maana glakoma na kisukari havisubiri uzee. Akishafika 60, umri ambao Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimhesabu kuwa mzee, miaka 5 ni mingi mno. Apimwe kila mwaka, na apimwe macho ya pembeni, siyo ubao wa herufi peke yake, kwa sababu ubao huo mimi niliufaulu. Kipimo hicho cha kwanza hakihitaji mashine: ni muuguzi aliyefundishwa, viti viwili na kidole. Kifanyike kwenye kituo cha afya cha kata, katika dirisha lile lile la wazee ambako tunatibiwa, ili mtu asilazimike kwenda Bukoba kuambiwa yuko salama. Na atakayeambiwa aache, kata ijue atafikaje kliniki. Suala la usafiri wake liwe sehemu ya mpango tangu mwanzo. Lisije kukumbukwa baada ya sheria kupita.

Wenzangu wa stendi walinisikiliza kwa mashaka. Mmoja aliniuliza kama nimelipwa. Lakini baadhi walikwenda. Mmoja alikutwa na mtoto wa jicho, akafanyiwa upasuaji, na sasa anaendesha kuliko zamani. Kikomo cha umri kingemwondoa mtu ambaye alihitaji upasuaji tu. Mwingine, ambaye ni mkubwa kwangu, aliyenipita njiani tangu enzi za malori ya kahawa, alipimwa kidole pande zote akakiona kila mahali, akapimwa na mashine ikawa vivyo hivyo. Ana karatasi yake anaitembeza kwenye kikasha cha gari. Wiki iliyopita binti yangu alikuwa na safari yake, nami nilitakiwa kwenda Kayanga kuchukua matone. Nilipita michomoko mitatu ya vijana iliyokuwa ikiniita, nikaenda kupanda gari la mzee yule.