Swichi Iliyokataa

Nimezaliwa Buyenzi, Bujumbura. Anayeijua Buyenzi anajua mambo mawili: watu wanaongea Kiswahili, na penye kivuli hapakosi fundi. Kazi nilijifunza kwa mzee mmoja tuliyemwita Patroni, uani kwake, katikati ya mabodi ya magari na kuku wa mkewe.

Bujumbura iko chini, kando ya Ziwa Tanganyika, na joto lake si la kuhadithiwa. Mwenye gari AC ikimfia anakuja mbio. Maneno yao ni yale yale: "Feni inapuliza, lakini hewa ni ya moto." Unafungua boneti, unaiangalia kompresa. Mkanda unazungusha puli, ila ile sahani ya mbele imesimama. Ikiwa nzima, ukibonyeza AC utasikia "tak!" Hapo koili imepata umeme, imegeuka sumaku, imeivuta sahani ishikane na puli. Bila "tak", hakuna baridi.

Mwaka 2009 nilikuwa na miaka 19 na nilijiona fundi tayari. Alikuja mteja na Toyota, amembeba mama yake mzee, wanakwenda Rumonge arusini. Patroni alikuwa ameenda msikitini. Nikaanza kupima. Fyuzi nzima. Rilei nikaibadilishana na ya honi, nayo nzima. Nikagusa waya wa kompresa kwa testa: taa haikuwaka. Nikarudi nyuma na waya hadi kwenye swichi ya presha. Umeme unafika upande mmoja, upande wa pili hakuna.

Nikasema moyoni, basi, swichi imekufa. Nikachomoa soketi yake, nikaunganisha matundu mawili kwa kipande cha waya wa shaba. Tak! Kompresa ikashika, ubaridi kidogo ukaanza kutoka. Mteja akacheka, akanipa faranga 5,000 za soda. Mama akanibariki.

Kesho yake gari lilirudi likivutwa. Kompresa ilikuwa imejam njiani usiku. Mkanda ukaungua na kukatika, na mkanda huo ndio uliokuwa unazungusha pia altaneta na pampu ya maji. Betri ikaisha, injini ikachemka. Yule mama alilala barabarani ndani ya gari, na kitenge chake cha arusi.

Mteja hakupiga kelele. Alimwambia Patroni tu: "Mzee, mama yangu amelala njiani kwa sababu ya mtoto wako."

Patroni akajibu, "Kweli ni mtoto wangu. Nitalipa."

Alinunua kompresa ya mtumba kwa hela yake. Mimi nilifanya kazi miezi mitatu bila mshahara, na sikuona nimeonewa. Lakini kilichobaki kichwani ni yale aliyonionyesha siku ile. Alinikalisha mbele ya ile kompresa iliyokufa, akaifungua. Ndani kukavu, vyuma vimekwanguana.

"Mafuta ya kompresa yanasafiri pamoja na gesi," alisema. "Gesi ikivuja, presha inashuka, mafuta hayarudi. Swichi ikaona hivyo, ikakata umeme. Wewe ukasema imekufa. Haikufa. Ilikuwa inalinda."

Tangu hapo nafuata utaratibu. Kama umeme unafika kwenye kompresa na bado haishiki, ugonjwa uko pale pale: koili imeungua, waya wa ethi umelegea, au sahani imelika na nafasi yake na puli imekuwa kubwa. Nafasi hiyo ni nusu milimita hivi. Ikizidi, inaweza kushika asubuhi na kugoma injini ikipata moto. Lakini kama umeme haufiki, sigusi kompresa. Natafuta nani kaukata, na kwa sababu gani. Gesi napima kwa geji kabla ya kuilaumu swichi.

Mwaka 2015 niliondoka Bujumbura. Patroni alisema miguu yake haiwezi tena safari. Alinipa testa yake, ile yenye mpini wa njano, nikavuka nayo mpaka wa Tanzania mfukoni.

Hapa Nyarugusu, mwaka wa kwanza, niliitwa kwenye mahojiano. Dada aliyeandika aliuliza kilichotokea njiani. Nikanyamaza. Akauliza tena, nikanyamaza tena. Nilidhani ataandika kwamba nimekataa kujibu. Aliweka kalamu chini, akasema, "Kaka, pumzika. Njoo kesho." Kesho yake niliongea. Sijui kama yeye anakumbuka.

Mwaka jana dereva wa shirika moja aliniita chini ya mwembe. AC haishiki, na vumbi jekundu linaingia dirishani. Nikapima: umeme unafika kwenye swichi, unaishia hapo. Kwenye maungio ya bomba kulikuwa na mafuta yaliyoshika vumbi. Gesi ilipitia hapo.

"We unganisha tu, fundi," akasema. "Nina safari ya Kigoma."

"Kaka, kuunganisha naweza. Sitaunganisha."

Aliondoka na madirisha wazi na hasira yake. Wiki mbili hata salamu hakunipa. Halafu siku moja akasimamisha gari mbele yangu. "Wamebadilisha oringi moja, wakajaza gesi. Kompresa ni ile ile." Akawasha ili nisikie.

Tak!

Vijana wawili ninaowafundisha walikuwa karibu. Mmoja akaniuliza, "Sasa fundi, siku ile ungeunganisha, nani angejua?"

Nikampa testa ashike. Nikamwambia habari ya mama wa kitenge.