Mizani ya Jioni



Kila mwaka, matokeo ya Mtihani wa Taifa yanapotangazwa, Salamabila hushangilia. Wachache kati ya waliofaulu hushika njia ya Kasongo, Kindu au Bukavu kwenda vyuoni. Baadhi yao hurudi kabla ya mwaka kwisha, na baada ya siku chache tunawakuta shimoni wakichimba dhahabu. Wengi husema karo iliwashinda. Karo ni mzigo kweli, wala hatuwahukumu. Lakini wengine, wakizungumza nasi faraghani, hukiri kwamba walisoma kwa bidii, na hata hivyo wakaanguka. Kwa hao hasa tunaandika, kwa kuwa nasi tulipita hapo.

Tulipokuwa chuoni tukijifunza ualimu, tulikesha na taa ya mafuta tukinakili masomo mara mbili, mara tatu, tukijivunia usingizi tuliokosa. Katika kikao cha kwanza cha mitihani tukaanguka masomo manne. Mwenzetu mmoja, mtu mzima aliyekuwa amefundisha shule ya msingi miaka mingi, alitwaa daftari letu, akalifunga, akasema: “Sasa nifundishe.” Hatukuweza kutamka sentensi tatu. Macho yetu yalikuwa yamezoea maandishi, lakini akili haikuyashika.

Wachimbaji wetu wanalijua jambo hili. Mtu aweza kuosha mchanga kutwa nzima, mgongo umeinama. Jioni mnunuzi haulizi amechoka kiasi gani, bali huweka chembe zake juu ya mizani. Mwanafunzi naye anahitaji mizani ya jioni. Funga daftari, chukua karatasi tupu, andika unayoyakumbuka ya somo la leo. Kisha fungua, ulinganishe. Yaliyokosekana ndiyo kazi ya kesho. Jipime tena baada ya siku moja, baada ya siku tatu, baada ya juma. Mwaka 1885 mtaalamu Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejifanyia majaribio mwenyewe, alionyesha kwamba sehemu kubwa ya tunayojifunza hutuponyoka upesi sana, na kwamba kurudia kwa vipindi kunatusaidia kuyahifadhi.

Tena, lengo liwe na siku yake. Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Yezu anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara: kwanza hukaa chini akahesabu gharama. Nanyi hesabuni. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vya nchi yetu vimeingia katika mfumo wa LMD: mwaka mmoja una kredi 60, na lisansi ina kredi 180. Kredi haihesabu saa za darasani tu. Huhesabu pia saa unazofanya kazi peke yako. Basi anayesema, “Nitakuwa mwanasheria,” ajiulize: muhula huu masomo gani? Juma hili sura zipi? Leo, kuanzia saa moja hadi saa mbili za usiku, kurasa zipi? Asipoweza kujibu swali la mwisho, mnara wake bado ni maneno.

Lakini hata ratiba nzuri huchosha ikiwa hatujui tunamsomea nani. Mwenye heri Floribert Bwana Chui alisoma sheria Goma, kisha akaajiriwa katika ofisi ya serikali inayokagua bidhaa. Alikataa rushwa ili vyakula vilivyoharibika visiwafikie watu, akauawa mwaka 2007. Kanisa lilimtangaza mwenye heri tarehe 15 Juni 2025. Elimu yake ilikuwa kinga ya watu asiowajua hata kwa majina. Hapa kwetu nako, nani atapima maji ya visima vyetu? Nani atasoma mikataba ya machimbo kabla wazee hawajatia sahihi? Mgodi wa Namoya ulianza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2016, na mwaka 2019 kazi zikasimama. Kampuni huja na kuondoka. Kijana aliyeelimika akirudi kwao, ujuzi wake unabaki nasi.

Katika kikao cha pili sisi tulifaulu masomo matatu kati ya manne. La nne tulilibeba hadi mwaka uliofuata. Hatukuwa na akili mpya. Tulikuwa tumejifunza kufunga daftari.

Kwa hiyo tunawaomba jambo moja. Kabla ya mkutano ujao, kila kikundi kimtafute kijana mmoja aliyeacha chuo. Msimwendee na mawaidha. Kaeni naye, mwombeni awafundishe somo moja analolikumbuka, na daftari likiwa limefungwa. Huenda akagundua kwamba bado anazo chembe nyingi kuliko alivyodhani, nanyi mkagundua namna ya kumsaidia arudi.