Mwanangu na Lugha Zake Tatu

Wahenga walinena kuwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kwa miaka mingi nimeifundisha methali hii darasani pasi na kuitilia shaka. Mwanangu ndiye aliyenifanya nijiulize: je, asipokua nilivyomlea, lawama ni ya nani?

Kitindamimba wangu alichelewa kusema. Majirani walinifariji kuwa wavulana ndivyo walivyo. Alipoingia Gredi ya 1 mwaka wa 2021, mambo yalidhihirika. Ningemwambia, "Weka daftari mezani, kisha uniletee kikombe," naye angeleta kikombe na kulisahau daftari, au angesimama akinitazama mithili ya mtu aliyegutushwa usingizini. Masikio yake yalipimwa, yakapatikana mazima. Akili nayo haikuwa butu, kwani aliweza kuifungua redio ya babake na kuiunganisha tena bila kuelekezwa na yeyote. Maneno yalimfikia, ila yalimpita kabla hajayashika.

Shuleni kwao Kiingereza ndicho kilichotawala. Nyumbani tulizungumza Kiswahili, na likizoni, kwa nyanya yake huko Machakos, ilikuwa Kikamba. Siku moja niliitwa shuleni. "Mama, mtoto huyu mnamchanganya," mwalimu wake aliniambia kwa upole. "Chagueni lugha moja. Mzungumzieni Kiingereza tu." Nami, mwalimu wa Kiswahili niliyewahi kuvishwa kibao shingoni utotoni kwa kosa la kusema lugha ya mama, nikatii!

Kwa muhula mzima nyumba yetu ilipooza. Nilimsemesha mwanangu kwa Kiingereza cha vitabuni, lugha ambayo sijui kuitumia kubembeleza wala kutania. Likizo ilipofika hatukwenda Machakos. Nyanya yake alipopiga simu, mtoto alisema "Susu" kisha akanyamaza. Mama mkwe akaniuliza, "Mwanangu, kwani mmemfunga mjukuu wangu kinywa?" Sikuwa na jibu. Kiingereza chake hakikuwa kimeongezeka hata chembe. Kilichopungua ni mazungumzo.

Hatimaye nilimpeleka katika kituo cha tathmini na nyenzo za elimu, mojawapo ya vile ambavyo serikali ilianza kuvianzisha mwaka wa 1984. Afisa aliyetupokea aliniuliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza: "Katika Kiswahili je, husema sawasawa?" Nikamjibu la. "Na Kikamba?" La, shida ni zile zile. "Basi si wingi wa lugha," akasema. Alinieleza kuwa ugumu wa mtoto anayehangaishwa na lugha ngeni tu hauonekani katika lugha aliyokulia. Ugumu wa mwanangu uko katika kuichakata lugha yenyewe, iwe ipi. Hali hii huwapata watoto wa lugha moja na wa lugha nyingi vilevile, takribani 2 katika darasa la watoto 30, na kumnyang'anya mtoto lugha ya nyumbani hakuiponyi.

Usiku huo nilifungua daftari langu la mofolojia. Humo mlikuwa na neno *nitakuletea*, nimelichanganua kwa fahari: kiambishi cha nafsi, cha njeo, cha mtendewa, mzizi, kauli ya kutendea, kiishio. Mofimu sita katika neno moja! Ama kwa hakika, kile nilichokihesabu kuwa utajiri wa Kiswahili kilikuwa kwa mwanangu gunia zito analorushiwa kwa ghafla, akitarajiwa kulidaka na kulifungua papo hapo.

Tangu hapo tulibadilisha mwendo. Agizo hutolewa moja baada ya jingine. Ninamwonyesha kitu ninapokitaja, narudia, kisha nasubiri. Kusubiri ndiko kulikonishinda mwanzoni. Mwalimu wake alikubali kumketisha karibu naye na kutouita ukimya wake ukaidi. Nasi tukarejea Machakos.

Sitamdanganya msomaji kuwa yamekwisha. Hadi leo kusoma kwake kuko nyuma ya wenzake, na mtihani haumngoji mtu. Hata hivyo, juzi alimpigia nyanya yake simu mwenyewe. "Susu," akasema, "mimi leta ndizi wewe." Hapana njeo, hapana kiambishi cha mtendewa. Mkono wangu uliozoea kalamu nyekundu ulitaka kusahihisha. Nilijizuia, kwa sababu huko ng'ambo ya pili nyanya alikuwa akicheka kwa furaha, akimuuliza ni ndizi ngapi. Naye alijibu!

Wenzangu mnaojiandaa kushika chaki, darasani mwenu mtampata mtoto huyu. Pengine hata wawili. Msikimbilie kumwita mzembe, wala msimwambie mamake aizime lugha ya nyumbani kwao. Mpeni neno moja, kisha mngojeni.