Kudai Haki ya Kasoro si Kukosa Subira

Kuna kauli iliyozoeleka majumbani mwetu: mtu akiuziwa kitu kibovu, huambiwa asubiri na amwachie Mwenyezi Mungu. Subira ni katika mambo makubwa ya imani, wala hakuna Muislamu anayelipinga hilo. Lakini kauli hiyo mara nyingi hutamkwa pasipo pake, na anayenufaika nayo ni yule aliyedhulumu. Nimelitafakari jambo hili kwa muda mrefu hapa Uingereza tunapoishi, kutokana na mzozo wetu na muuzaji wa karavani.

Karavani ni nyumba ndogo ya magurudumu inayokokotwa na gari, yenye vitanda, jiko na choo. Mume wangu nami tulidunduliza kwa miaka minne, tukainunua mpya kwa fedha taslimu ili tuepukane na riba. Tuna watoto wanne, na tunaishi na mama mkwe ambaye ana pumu. Kulala hotelini watu saba kulitushinda. Katika karavani tungepika chakula chetu cha halali, tungetawadha kwa nafasi na kuswali kwa wakati.

Mwezi wa tano tangu kuinunua, ilianza kunuka ukungu, na mama mkwe akawa anakohoa usiku kucha. Nilibonyeza ukuta ulio kando ya kitanda chake, ukabonyea kama mkate uliolowa. Kipima unyevu tulichoazima kwa jirani kilionesha zaidi ya asilimia 30, ilhali ukuta mkavu kwa kawaida hauzidi 15. Muuzaji alitutaka twende kiwandani. Kiwanda kilimtuma fundi aliyekaa kwa dakika chache, kisha ikaja barua: waranti haihusiki, kwani unyevu huo ni mvuke wa mapishi na pumzi za watu wengi.

Mume wangu alisema, “Mama watoto, tumwachie Mungu.” Nikamkumbusha kuhusu ngamia, ambaye hufungwa kwanza ndipo mwenyewe akatawakali.

Katika Sahihi Muslim imepokewa kwa Abu Huraira (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye rundo la chakula, akatia mkono ndani yake, vidole vyake vikakuta majimaji. Mwenye mali akajitetea kuwa kimenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka kilicholowa juu, watu wakakiona, kisha akatangaza kwamba mwenye kughushi hayuko pamoja naye. Kasoro ile ilikuwa unyevu uliofichwa chini ya kikavu. Yetu haikuwa mbali na hiyo.

Wanazuoni wa fiqhi wamempa mnunuzi haki iitwayo khiyari ya kasoro. Anaweza kuirudisha bidhaa ikiwa ila ilikuwamo kabla ya kukabidhiwa, naye hakuijua, wala hakuonesha kuiridhia baada ya kuijua. Kwa madhehebu ya Imam Shafii anatakiwa pia aharakishe, asiendelee kuitumia huku anajua. Ndiyo maana siku ile ile tulihamisha magodoro, tukafunga mlango, nami nikaandika barua pepe kwa muuzaji kabla ya kulala.

Nilipoisoma Sheria ya Haki za Watumiaji ya 2015 ya nchi hii, niliona inakaribiana na mafundisho hayo. Anayewajibika kwa mnunuzi kisheria ni muuzaji, hata kama kiwanda kimetoa waranti yake. Kasoro ikidhihiri ndani ya miezi sita, huchukuliwa kuwa ilikuwapo tangu siku ya kukabidhiwa, na ni juu ya muuzaji kuthibitisha vinginevyo. Kwa hiyo jibu la “nendeni kiwandani” halikuwa na mashiko.

Hata hivyo hatukutegemea sheria peke yake. Tulimlipa mkaguzi asiye wa upande wowote. Alifungua mkanda wa bati unaofunika kiungo cha paa na ukuta, akakuta gundi ya kuzuia maji imerukwa kwa urefu wa shubiri mbili. Mvuke hutua zaidi kwenye vioo na pembe zenye baridi. Maji haya yaliteremka kwa mstari mmoja kutoka kwenye kiungo kile, na ubao ulio nyuma ya ukuta ulikuwa umeoza. Kila kitu kilipigwa picha.

Hapo ulikuja mtihani mwingine. Dada mmoja wa darsa, kwa nia ya kutusaidia, alinishauri niandike kwamba harufu tuliisikia wiki ya tatu, kwa kuwa sheria humruhusu mnunuzi kuirudisha bidhaa mbovu ndani ya siku 30 na kurejeshewa fedha zake zote. Nilimshukuru, nikakataa. Dhulma ya muuzaji haihalalishi uongo wa mnunuzi. Imepokewa kwamba wauzianao wakisema kweli na kubainisha, hubarikiwa katika biashara yao. Na sharti hilo ni la wote wawili.

Niliandika barua ya ukurasa mmoja, bila tusi wala kejeli: tarehe kwa mpangilio, ripoti ya mkaguzi, picha, na siku 14 za kuitengeneza, la sivyo tungekwenda mahakamani kwa utaratibu wa madai madogo, ambao hapa England hufikia pauni 10,000. Siku ya 12 muuzaji alikubali. Matengenezo yalichukua wiki tisa, na gharama ya mkaguzi tulirejeshewa. Majira ya joto yalikuwa yamekwisha, na hatukuombwa radhi. Hayo ndiyo tuliyomwachia Mwenyezi Mungu.

Dada zangu mlioko nyumbani, kwenu huenda ni friji, mabati au betri ya sola. Tanzania nayo ina Sheria ya Ushindani ya 2003, na Tume ya Ushindani hupokea malalamiko ya watumiaji. Tunzeni risiti, soma waranti kabla ya kulipa, na kasoro ikionekana acheni kukitumia kitu hicho na mwandikieni muuzaji siku hiyo hiyo. Aya ya 282 ya Suratul-Baqara, ambayo ni ndefu kuliko zote katika Qur'an, inatufundisha kuandika na kuweka mashahidi. Tukifanya hivyo tunailinda mali ya watoto wetu, na tunamzuia muuzaji asimdhulumu mwingine.

Mwenyezi Mungu atujaalie kusema kweli tunapouza na tunapodai. Amin.