Safu ya Pili

Mwaka 1997, Chuo cha Ufundi Dar es Salaam kilipogeuzwa kuwa Taasisi ya Teknolojia, DIT, sisi tuliokuwa tukisomea FTC ya umeme tulikuwa na gumzo moja tu bwenini: digrii. FTC, yaani cheti cha fundi sanifu, kilianza kuonekana kidogo hata kabla hatujakipata. Nilikwenda fildi katika kiwanda kimoja cha Tanga huku moyo ukiwa tayari umesharudi darasani.

Nikakabidhiwa kwa mzee aliyesimamia karakana ya kusuka mota. Shule yake iliishia darasa la saba. Mengine aliyapatia kazini, akipanda kwa mitihani ya ufundi kutoka daraja la tatu hadi la kwanza.

Siku moja ililetwa mota ya pampu iliyoungua. Alipofungua kifuniko, harufu ya vanishi ilitujaa puani.

"Tazama koili hizi, mwanangu. Seti mbili nyeusi, ya tatu safi kabisa. Kwa nini?"

Nilikaa kimya. Akanipeleka kwenye swichi, akachomoa fyuzi moja iliyokatika. Mota ilikuwa imepoteza fezi moja ikaendelea kuzunguka, na mzigo wote ukaziangukia seti mbili za koili mpaka zikaungua. Hesabu ya jambo hilo niliijua vizuri, nilishaifanyia mtihani. Sura yake ndiyo sikuwahi kuiona.

Jioni alinipa kaunta buku aliyoipiga mistari mwenyewe kwa rula, safu tatu: tatizo, unachodhani, ulichokikuta. Sharti lake lilikuwa moja. Safu ya pili ijazwe kabla spana haijagusa nati.

"Shule itakwambia kwa nini, karakana itakwambia wapi," alisema. "Nenda kasome mpaka uchoke, ila usiende bila maswali."

Nilimsikiliza. Baada ya FTC nilifanya kazi kwanza, na nilipoingia digrii nilikwenda na daftari lile. Kila mahali safu ya pili ilipopishana na ya tatu palikuwa na swali la kumpelekea mhadhiri, na baadhi ya maswali yalitukalisha ubaoni hadi kipindi cha mwenzake kikaingia. Wenzangu waliotoka moja kwa moja kidato cha sita walinizidi mbali kwenye hisabati. Walikuwa wakija kwangu tulipofika kwenye mashine.

Bodi ya Usajili wa Wahandisi ilipoanzisha mwaka 2003 mpango wa miaka mitatu wa kuwalea wahandisi wahitimu kazini, nilifurahi kuliko wengi. Jambo ambalo mzee wangu alilifanya kwa hiari yake, tena kwa daftari la kununua mwenyewe, sasa lilikuwa na utaratibu wa nchi nzima.

Leo wanafunzi wa fildi wananijia na simu. Wanapiga picha mota iliyoungua, kisha wanapiga tena ikishasukwa, na kumbukumbu zao ni safi kuliko zangu. Lakini dhana ya mtu kabla hajafungua kifuniko haipigiki picha, na ndiyo inayonionyesha mimi msimamizi jinsi anavyofikiri. Kwa hiyo nimewaomba wakufunzi wanaotuletea wanafunzi waiongeze safu hiyo ya pili kwenye madaftari ya fildi. Mmoja amekubali kuanza na kundi lijalo. Na wengine bado tunavutana.